Nusu ya bahasha

Kwa miaka kadhaa nilikuwa miongoni mwa wahesabu sadaka kanisani. Ni kazi isiyo na sifa. Ibada ikimalizika mnajifungia watatu kwenye chumba cha nyuma, makapu yanamiminwa mezani, mmoja anapanga noti, mwingine anasimamisha sarafu kumikumi, wa tatu anachana bahasha za zaka, lile fungu la kumi la mapato, na kusoma kwa sauti: namba, jina, kiasi. Noti nyingine huwa zimekunjwa mara nne, mara tano, hadi zimekuwa kama kidonge. Hizo ni za watu ambao hawakutaka aliyeketi karibu aone. Mwisho wote mnatia sahihi daftarini, mnarudi nyumbani na harufu ya fedha vidoleni.

Jumapili moja ikafunguliwa bahasha ambayo chini ya kiasi paliandikwa kwa penseli: "Hii ni nusu. Nusu nyingine nimempa jirani yangu, amelazwa." Mhazini aliisoma mara mbili, akaiweka pembeni, akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayesema leo kuna mawingu: "Huyu anamwibia Mungu."

Hakuhitaji kutaja andiko. Kila aliyekulia kanisani analijua, ni la nabii Malaki: "Je! Mwanadamu atamwibia Mungu?" na mistari miwili baadaye, "Leteni zaka kamili ghalani." Kamili, si nusu. Ghalani, si wodini.

Nataka kumtendea haki mhazini, kwa kuwa hakuwa mtu wa tamaa na hoja yake si ya kupuuzwa. Malaki hakuwa akichangisha fedha za anasa. Nehemia 13 inaonyesha shida ya namna hiyohiyo ilivyokuwa kwa macho: Walawi, watumishi wa hekalu, hawakupewa sehemu zao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake, nyumba ya Mungu ikaachwa. Walikuwa watu wasio na urithi wa ardhi. Riziki yao ilikuwa lile fungu la kumi, na likikauka, ibada inakufa kimyakimya. Paulo anashika uzi huo katika 1 Wakorintho 9 anapotetea haki ya wahubiri wa Injili kupata riziki kwa hiyo Injili, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuitumia. Anayedhani mchungaji anaishi kwa hewa hajawahi kuketi na mke wa mchungaji mwezi unapokaribia kuisha.

Kuna hoja ya pili, nzito kuliko hiyo, ingawa mimbarini haisikiki sana. Fedha ikipita kapuni hupoteza uso. Mjane anayesaidiwa na kanisa hajui alichopewa kilitoka mfukoni mwa nani, kwa hiyo hana wa kumnyenyekea. Anayesaidiwa na jirani moja kwa moja atakutana na jirani huyo njiani kesho na keshokutwa, na kila salamu itakuwa na deni ndani yake. Tena mtu akitoa peke yake humpa anayemwona, na anayeonekana mara nyingi ni yule anayejua kulia. Yustino Mfiadini, akiandika katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba wenye uwezo na nia walitoa kila mmoja kadiri alivyopenda, na kilichokusanywa kiliwekwa kwa msimamizi wa ibada, naye akakitumia kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Wafungwa! Nani kati yetu, akiwa na noti yake mkononi, humkumbuka mfungwa asiye ndugu yake?

Halafu hiyo nusu nyingine, nani aliihesabu? "Nitampa maskini mwenyewe" imekuwa kichaka cha wengi, na ninakijua kwa ndani. Mwezi mmoja niliamua zaka yangu yote itakwenda kwa wahitaji. Mwezi ulipoisha wahitaji hawakuwa wameonekana, na fedha nayo haikuonekana.

Kwa hiyo mhazini ana lake. Ila "kuiba" ni neno zito, na anayemwita mtu mwizi hana budi kwanza aonyeshe mali ilikuwa ya nani.

Rudi kwa Malaki, upande mistari mitatu tu juu ya ule unaosomwa kabla ya kapu. Hapo Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi dhidi ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, wanaomdhulumu mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Kisha, bila kubadili sauti, anaingia kwenye zaka. Aliyeijua Torati angewatambua watu hawa mara moja. Mgeni, yatima na mjane ndio walewale wa Kumbukumbu la Torati 14, na sura hiyo inahusu fungu la kumi.

Sura yenyewe inashangaza. Mtoaji analila fungu lake la kumi mwenyewe, yeye na nyumba yake, mbele za Mungu. Kama safari ya kwenda mahali patakatifu ni ndefu, anauza mazao, anafunga fedha mkononi, na akifika ananunua chochote roho yake inachotamani, mvinyo ukiwamo. (Miaka yote niliyohesabu sadaka sikusikia mhubiri hata mmoja akiisoma aya hiyo.) Kisha, mwisho wa kila mwaka wa tatu, fungu zima halisafiri kwenda popote. Linawekwa "ndani ya malango yako", mjini kwako, na Mlawi, mgeni, yatima na mjane "waje, wale na kushiba". Mlawi hakusahauliwa. Ameketishwa kwenye chakula kimoja na mjane.

Mtu makini atanizuia hapa, na ana haki. Marabi, walimu wa Kiyahudi, walizihesabu zaka hizi kuwa tofauti: ya kwanza ilikuwa ya Walawi, ile ya kitabu cha Hesabu sura ya 18, ya pili ililiwa Yerusalemu, na katika mwaka wa 3 na wa 6 wa kila mzunguko wa miaka 7 ikageuka kuwa ya maskini. Kwa hesabu hiyo mwenye penseli hakuwa na ruhusa ya kuchota fungu la Mlawi akampelekea mgonjwa. Nakubali. Lakini kwa hesabu hiyohiyo mhazini naye hapumui, maana atalazimika kudai fungu la kumi la pili, tena akubali kwamba miaka fulani halimhusu, ni la watu wa malangoni. Na yote hayo yalikuwa mazao ya shamba na mifugo, si mshahara. Huwezi kuchukua asilimia kutoka Hesabu, laana kutoka Malaki, halafu Kumbukumbu ukaiacha imefungwa kabatini.

Watetezi wa zaka kamili hukimbilia Mathayo 23, ambako Yesu anawakemea wanaolipa zaka ya mnanaa na bizari huku wameacha adili na rehema, kisha anaongeza: "wala yale mengine msiyaache." Ni kweli aliongeza. Ila ukitaka kujua angefanya nini siku kapu na mgonjwa wanapogombea noti ileile, hilo limo katika Marko 7. Desturi iliruhusu mtu aiweke mali yake wakfu kwa Mungu, kisha awaambie baba na mama: kile ambacho ningewasaidia nacho ni Korbani. Yesu hakuiona hiyo kuwa bidii ya dini. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Najua mgonjwa wetu alikuwa jirani, si mzazi, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo umbo la kesi ni moja: kitu cha Mungu kimegeuzwa ukuta kati ya mwenye nacho na mwenye shida.

Na barua ya kwanza kwa Timotheo, ambayo ndiyo yenye utaratibu wa kuwaandikisha wajane, inadai wazi kwamba msaada mwingine usipite kanisani kabisa. Mwenye wajane katika jamaa yake awasaidie mwenyewe, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Daftari la kanisa la kwanza liliwategemea watu waliotoa nje ya daftari.

Sasa niseme habari ya hesabu ninayoirudia kichwani tangu siku niliyokutana nayo. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, alimwandikia Fabio wa Antiokia barua ambayo mwanahistoria wa kanisa Eusebio wa Kaisarea ameihifadhi sehemu yake. Mateso ya Wakristo chini ya Kaisari Decius yalikuwa bado mabichi. Fabiano, askofu aliyemtangulia, aliuawa mwaka 250. Kornelio hakuwa akizungumzia sadaka. Alikuwa akimshambulia Novatiano, mpinzani aliyejisimika kuwa askofu wa Roma, na kwa kejeli anauliza kama bwana huyo hajui kwamba kanisa moja huwa na askofu mmoja, kanisa ambalo lina makasisi 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52, na wajane na watu wenye dhiki zaidi ya 1500, ambao wote wanalishwa na neema na wema wa Bwana.

Jumlisha. Wahudumu, ukimwacha askofu, ni 154. Wahitaji wanapita 1500. Karibu kumi kwa mmoja.

Nimejaribu kuipunguzia uzito. Hii ni hesabu ya vichwa, si ya fedha: huenda kasisi mmoja alipata sawa na wajane watano. Kornelio alikuwa kwenye ugomvi, na aliye kwenye ugomvi hupenda kulikuza kanisa lake. Na ni mji mmoja, mwaka mmoja. Yote hayo sawa. Lakini kinachonikaa rohoni ni jinsi namba hii ilivyotoka. Hakuitaja ili aombe mchango wala ili asifiwe. Alitaka kuonyesha kanisa lake ni kubwa kiasi gani, na alipotafuta kipimo, kalamu yake ilitoka kwa mabawabu ikaingia kwa wajane bila hata kubadili sentensi. Mjane kwake hakuwa matumizi yanayofikiriwa baada ya bili ya umeme. Yumo katika muundo wa kanisa, kama alivyomo shemasi.

Miaka zaidi ya 240 baadaye, mwaka 494, Papa Gelasio anaagiza mapato ya kanisa yagawiwe mafungu manne: la askofu, la wakleri, la maskini, la majengo. Robo kwa maskini. Vipimo hivi viwili si vya aina moja, na makanisa mengi ya leo yangetokwa jasho kutimiza hiyo robo. Lakini jengo sasa lina fungu linalolingana na la maskini, jambo ambalo Kornelio hakulitaja kabisa katika orodha yake. Zaka ilipokuja kuwa amri, kwanza ya sinodi ya maaskofu huko Mâcon mwaka 585, kisha ya dola chini ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, mwaka 779, ule ukunjufu wa moyo ambao Paulo aliwaandikia Wakorintho, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", ulikuwa umekwisha kupata askari nyuma yake.

Simwombei mwenye penseli ruhusa ya kudumu. Angeniuliza, ningemwambia ampelekee jirani kutoka kwenye ile tisa iliyobaki, kama anaweza, na kapu alipe lake. Wengi hawawezi, na wanaohubiri zaka kwa ukali zaidi hawamwulizi mtu amebakiwa na nini. Ningemwambia pia kwamba nusu aliyoitoa mwenyewe ina hatari zake: atapenda kushukuriwa, atachoka mgonjwa asipopona haraka, na mwakani atasahau. Kapu halichoki. Lakini kumwita mwizi ni kumkosea mara mbili, maana katika bahasha zote zilizofunguliwa asubuhi ile, yake peke yake ndiyo iliyomtaja mtu aliyelazwa. Nadhani hata kanisa lilipaswa kumfuata na swali moja: jirani yuko wodi gani?

Mhazini, ambaye nimesema hakuwa mtu mbaya, aliichukua tena ile bahasha kabla hatujafunga hesabu. Aliigeuza nyuma na mbele, akatafuta mahali pa kuandika yale maneno ya penseli. Daftari letu lilikuwa na safu ya zaka, ya shukrani, ya malimbuko, ya ujenzi na ya vyombo vya muziki. Akapitisha kidole juu ya vichwa vyote vya safu, toka kushoto hadi kulia, akarudia. Kisha akaandika kiasi kilichokuwamo kwenye safu ya zaka, na bahasha akaiweka katika mfuko wa shati lake badala ya kuitupa na zile nyingine.