Kabla hujamtaja jirani, kautazame mtama

Februari moja, miaka kadhaa iliyopita, baba yangu mdogo alipoteza ng'ombe watatu kabla ya saa sita mchana. Kwetu ni Dodoma, ambako mvua huanza Desemba na mara nyingi hukatika katikati, jua likachoma wiki mbili tatu mtama ukiwa bado chini ya goti. Mwaka ule mtama ulidumaa hivyo, majani yakajikunja. Kisha ikanyesha mvua ya usiku mmoja, ukachipua upya, laini kabisa. Baba mdogo alikuwa ameshalikatia tamaa shamba lile. Akasema bora ng'ombe wafaidi. Walikuwa na njaa, wakaingia wakisukumana.

Hata nusu saa haikuisha. Mtamba mmoja akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, mate yakamchuruzika, misuli ya mapaja ikatetemeka, akaanguka ubavu akitupatupa miguu. Wengine wawili wakafuata. Tulipompasua yule mtamba, damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Mzee mmoja akainama akaitazama, akasema: "Haya si maradhi. Hii ni sumu ya mtu." Jina likatajwa palepale, la jirani waliyekuwa wakigombania naye mpaka.

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba damu ile ilikuwa ikimtetea yule jirani, na sisi tukaifanya ushahidi wa kumhukumu.

Mtama mchanga una kitu kiitwacho dhurini. Jani likiwa zima halina neno. Likitafunwa, dhurini huvunjika na kutoa sayanidi, sumu inayozuia mwili usiitumie oksijeni. Mnyama anavuta hewa, damu inaibeba, lakini inafika isipopokelewa. Ndiyo maana damu inabaki nyekundu namna ile: oksijeni imejaa mle mle, na ng'ombe anakufa kwa kuikosa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wako hatarini kuliko punda, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao huifungua sumu hiyo upesi sana.

Na haikai sawa nyakati zote. Huzidi kwenye mtama mfupi, uliopigwa na jua, na kwenye machipukizi, yawe ya baada ya mvua au yale yanayoota kwenye visiki baada ya mavuno. Punje zilizokomaa hazina shida hiyo, ndiyo maana ugali wa mtama tunakula bila wasiwasi. Sumu hii si ngeni kwetu pia, ndiyo ileile ya muhogo mchungu. Bibi zetu walijua kuumenya, kuuloweka na kuuanika ili wasituue. Elimu hiyo iliishia jikoni, hatukuifikisha zizini.

Iko mimea mingine ya kuogopa malishoni. Lantana, ile ya maua ya rangi rangi tunayoipanda uani, huharibu ini la ng'ombe, na ngozi ikaanza kuungua juani. Lakini lantana huchukua siku, mfugaji anapata muda wa kujiuliza. Mtama unaua ghafla, na kwetu kifo cha ghafla ndicho kinachotafutiwa mchawi.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kijiji tukihimizwa kulima mtama kwa kuwa unavumilia ukame. Ni kweli unavumilia, na mimi naulima. Lakini katika mikutano hiyo sijasikia hata mara moja mtu akisema ukame huohuo unaoufanya mtama usifiwe ndio unaoujaza sumu. Ni sentensi moja tu. Wakulima wa Dodoma ndio wafugaji wa Dodoma. Huwezi kumpa mtu mbegu ukamficha habari ya ng'ombe wake.

Ya kufanya hayana gharama. Mtama au machipukizi yasiyofika kiunoni, ng'ombe asiguse. Akiwa na njaa, ashibe kwanza nyasi kavu, ndipo umpeleke malishoni. Ukitaka kuutumia mtama uliodumaa, ukate, uanike mpaka ukauke sawasawa. Mmoja akianza kuhema vile, watoe wote shambani kwanza, maswali baadaye. Dawa ipo, sodiamu thiosalfeti, ambayo daktari wa mifugo huidunga mshipani, lakini kutoka kuanguka hadi kufa saa moja ni nyingi. Wangapi wana daktari wa kufika ndani ya muda huo?

Mwaka jana nilimweleza baba mdogo yote haya, tumekaa nje ya zizi, jioni. Alinyamaza muda mrefu. Yule jirani alishahama, nyumba yake imebaki kuta. Nilidhani atanibishia. Akauliza tu, kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo yule bwana tulimwonea?"

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."