Nimetokea Skrini Kubwa, Ila kwa Nyuma

Watu wakisikia nimefanya kazi kwenye filamu ya matumbawe, wanadhani nilikuwa mpiga picha. Wapi! Nilikuwa mshika taa. Mpiga picha akielekeza kamera kushoto, namulika kushoto, akishuka, nashuka. Sifa ya mshika taa ni kutoonekana, na mimi katika kutoonekana nilikuwa bingwa.

Taa yenyewe haiepukiki. Maji hunyonya rangi nyekundu kabla ya nyingine, kwa hiyo ukifika mita kumi tu chini, tumbawe jekundu limeshapauka, kila kitu ni buluu na kijivu. Washa taa, rangi hizo zinarudi! Sasa, taa zetu zilikuwa kubwa, zikivuta umeme kwa kebo kutoka kwenye jenereta ya mashua. Yaani huko chini nilikuwa nimefungwa kamba kama mbuzi malishoni. Hiyo kebo naomba muikumbuke.

Kamera nayo ilikuwa ya mkanda wa milimita 70, wa zile skrini zinazolingana na ghorofa. Mkanda huo unakimbia balaa: futi 1,000 zinaisha kwa dakika 3 hivi. Na huwezi kufungua kamera ndani ya bahari ubadilishe, lazima ipandishwe mashuani. Ndiyo maana mpiga picha wetu, tuliyemwita Mzee, alikuwa mchoyo wa mkanda kupindukia. Alikuwa radhi kukaa nusu saa anamtazama samaki bila kubonyeza kitu.

Siku hiyo tulikuwa tunamvizia samaki aitwaye pono. Pono huparua mawe ya matumbawe akitafuta mwani, akayasaga, kisha akayatoa kwa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Mwongozaji alikuwa anautaka wakati huohuo: kinyesi cha pono, upana wa mita 20, na muziki juu yake. Basi tukamfuata pono, macho yetu yote yako mkiani kwake, hakuna aliyetazama tunapopita.

Tukapita juu ya kiota cha kikande.

Kikande naye ni samaki, ila si wale vikande wadogo. Huyu ni yule jitu anayefika sentimeta 75, mwenye mstari mweusi juu ya mdomo utadhani masharubu, na meno ya kuvunjavunja matumbawe. Akiwa na mayai haelewani na mtu. Tena halindi chini tu: maji yote yaliyo juu ya kiota anayahesabu yake, na mpaka unazidi kupanuka kadiri unavyopanda. Ukikimbilia juu bado uko nyumbani kwake. Unatakiwa kukimbia kando, karibu na chini. Nilifundishwa hivyo, na nilikuwa nimeelewa.

Kikande akasimamisha mwiba wa mgongoni, akalala ubavu kidogo kunikagua kwa jicho moja. Kisha akaja. Nikamkinga kwa pezi la mguu wa kulia, akaling'ata na kulitikisa. Mguu niponye! Nikatoka kando, sawasawa na mafunzo, mpaka kebo ikakaza na kunirudisha kwa mwenyewe. Nikajaribu upande wa pili. Kebo ikakaza tena. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, kuzunguka, na katikati ya mzunguko huo alikuwepo Mzee na kamera yake.

Raundi ya kwanza kebo ikampita magotini. Ya pili, kiunoni. Kuachia taa sikuwahi hata kuwaza, mshika taa anaachiaje taa? Kwa hiyo nikawa nakimbia huku nimejimulika mwenyewe vizuri kabisa. Mzee alikuwa anacheka. Kucheka ndani ya barakoa ni hatari, mashavu yakinyanyuka maji yanaingia, basi akawa amefumba macho, pua imejaa maji ya chumvi, na kidole hakijatoka kwenye kitufe. Mchoyo yule! Kijana wa mashuani alipohisi kebo inatikisika akadhani tunaomba kuvutwa. Akavuta. Fundo likakaza, tukaanza kupanda wote wawili, moja kwa moja katikati ya himaya ya kikande, naye akachagua sehemu yangu yenye nyama.

Nyuma yetu, gizani, pono akamwaga mchanga wake wote na kuondoka.

Mkanda hauna habari ya kutazama papo hapo. Ulipelekwa kusafishwa, na baada ya siku kadhaa tukaketi ukumbini timu nzima. Makalio yangu yalienea skrini nzima, rangi zimetulia, kila kiputo kinaonekana. Nasema kwa haki: haikuwahi kutokea picha iliyomulikwa vizuri kama ile. Kikande akasogea, akafungua mdomo, meno yale marefu kama mlango... skrini ikawa nyeupe. Mkanda umeisha.

Mwongozaji hakucheka.

"Alikuuma?"

"Aliniuma, bosi."

"Na hatuna."

Akashika kichwa. Baadaye akasema kikande kingine kitafutwe, chenye mayai. Nikauliza habari za pono. Akasema pono angoje.

Mzee akanifuata mlangoni, akanishika bega, akaniomba kwa upole kabisa kwamba safari ijayo, kwa kuwa mkanda ni dakika 3 tu, nijitahidi kuumwa mapema.