Mama wa viazi wa Mwanjelwa alivyonifundisha kufundisha

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kakamega, na huu ni mwaka wa sita nafundisha Kiingereza Mbeya. Nilikuja kwa basi: Namanga, Arusha, Dodoma, bwawa la Mtera, Iringa, halafu ile misitu ya mipaina ya Mafinga ambayo haiishi mpaka usingizi ukupitie. Nilikuwa na shahada, kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, na imani moja niliyotoka nayo nyumbani: kwamba mtoto hawezi kukijua Kiingereza mpaka anyimwe lugha nyingine. Imani hiyo sinayo tena.

Wiki ya kwanza nilikwenda soko la Mwanjelwa kutafuta viazi. Ilikuwa Juni, asubuhi ile ya Mbeya ambayo ukiongea mdomo unatoa moshi. Nikamwendea mama mmoja aliyejifunga kitenge juu ya sweta, nikamwambia, "Nipe viazi gorogoro moja. Hii viazi ni pesa ngapi?" Sikumwamkia, maana kwetu magharibi ya Kenya shikamoo si mazoea. Mama akanitazama, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Hivi viazi vimetoka Isongole leo leo. Unaomba kisado kimoja?"

"Ndiyo, naomba kisado kimoja."

Akapima, akaweka viwili vya nyongeza juu, akanifungia. Hakunikosoa hata neno moja, lakini nilirudi nyumbani na masahihisho matatu: hivi viazi, kisado, naomba. La nne nililipata Jumamosi iliyofuata, nilipomsikia kijana wa bodaboda nyuma yangu akimwambia shikamoo, na sauti ya yule mama ikabadilika kwa furaha alipoitikia marahaba. Tangu siku hiyo nami siulizi bei kabla ya kuamkia.

Nilipokuwa darasa la nne, aliyesikika akisema Kiluhya shuleni alivishwa diski, kipande cha mbao chenye kamba ya shingoni. Unakaa nayo mpaka umnase mwenzako. Jioni, wote walioivaa siku hiyo wanachapwa. Nilichojifunza kwa diski ni kunyamaza. Kuna wenzangu hawajafungua mdomo kwa Kiingereza mpaka leo, na walikuwa watoto wenye akili sana.

Nilipofika huku nikaikuta shule yenye sheria ileile kwa sura nyingine: anayesema Kiswahili ndani ya uzio anaandikwa jina, na Ijumaa anafyeka nyasi. Kwa mwaka mzima daftari la majina lilikuwa langu. Nililijaza kwa bidii, na linaniuma.

Hebu tumwangalie mtoto mwenyewe. Tangu 1967 shule nyingi za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto amesoma miaka saba, anakueleza usanisinuru vizuri kabisa: jani, mwanga, maji, hewa. Anaingia kidato cha kwanza, na baiolojia, kemia, jiografia, vyote vinamjia kwa Kiingereza. Ujuzi wake haujapotea. Amenyang'anywa mlango wa kuutolea, halafu sisi tunamwandika jina akijaribu kuupitia.

Nilikuwa na binti mmoja kutoka Tukuyu aliyeandika kwamba mama yake, "he", anauza ndizi. Nilimwekea alama nyekundu mara tatu muhula mmoja. Ya nne nikaiweka kalamu chini, nikamuuliza kwa Kiswahili, "Nikikuambia 'anauza ndizi', utajuaje kama ni mwanamke au mwanamume?"

Akafikiri. "Sitajua, mwalimu. Mpaka useme ni nani."

"Kiingereza hakikubali hivyo. Kinataka ujue kabla hujaendelea."

Akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo Kiswahili kinangoja, Kiingereza hakingoji."

Nimesoma vitabu vingi vya sarufi, sijaona palipoelezwa vizuri kuliko hapo. Siku alipoteleza tena, nilimjibu kama mama wa viazi: nikarudia sentensi yake ikiwa na "she" mahali pake, nikamuuliza anauzia wapi. Akajibu kwa "she", wala hakujua kwamba amesahihishwa.

Likizo nazunguka. Nimefika Matema, nimepanda treni ya TAZARA, nimelitazama ziwa Ngosi nikiwa nimelowa mvua. Lakini safari iliyonifaa zaidi kama mwalimu ni ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa, tulipowapeleka kidato cha pili kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwongozaji alisimulia kwa Kiswahili: jinsi kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kilivyomalizwa Lugalo 1891, ngome ya Kalenga kuangushwa 1894, Mkwawa kujipiga risasi 1898 asikamatwe, na fuvu lake ambalo mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ilitoe, lakini likarudi 1954. Kwenye basi wakabishana mpaka Makambako: kujiua kule kulikuwa ushujaa au la?

Kesho yake darasani nikawaacha wabishane tena kwa Kiswahili, dakika kumi, ndipo wakaandika kwa Kiingereza. Watoto waliozoea kunipa mistari mitano walijaza kurasa mbili. Makosa yalikuwa mengi, lakini yalikuwa makosa ya watu wenye jambo la kusema, na makosa ya namna hiyo yanarekebishika.

Wazazi wananiambia, "Mwalimu, Kiswahili anacho, nimekulipa kwa Kiingereza." Nawaelewa. Ada ni kubwa na kazi nyingi zinakidai. Nami nakipenda Kiingereza, kinanilisha. Ninachowaomba wakuu wa shule ni kimoja: daftari la majina lichanwe.

Juzi mama wa viazi aliniambia mjukuu wake ameanza kidato cha kwanza na haongei kabisa darasani. Nimemwambia amlete Jumamosi. Tutakaa nyuma ya magunia, na swali la kwanza nitamuuliza kwa Kiswahili.