Nanga ya Vasco

Bibi alinituma nimtolee udi kashani. Nikatoka na pini ya fedha yenye kijiwe cha kijani.

Nyuma ilikuwa na mihuri midogo kama punje za ufuta: nanga, simba aliyeinua mguu, na herufi iliyosuguka. Moyo ukanidunda. Vasco da Gama si alitia nanga Malindi 1498? Akidondosha pini, kusi itashindwaje kuileta Lamu? (Kwamba fedha haielei, hilo halikunijia.)

Bibi sikumuuliza. Nikaibandika kwenye koti juu ya kanzu, huyoo, hadi Mkunguni mbele ya Ngome. Wazee wakaigeuzageuza. Mmoja akauliza, "Kwani huyo Vasco alikuwa mwanamke?" Nikamjibu mabaharia wa kale walijipamba sana. Nililitunga papo hapo. Adhuhuri ikaingia, tukaswali, pini kifuani.

Kasoro yake ilikuwa ndoana. Haina kufuli, ni waya tu uliokunjwa, na sindano imechomoza nje ya pambo kama nusu kidole. Uchochoroni nikakutana na punda kabeba mchanga. Nikajibana ukutani, naye akajibana kwangu. Sindano ikamwingia ubavuni.

Sijapata kuona punda akikimbia vile! Mchanga ukamwagika hadi mlangoni kwa sonara, mwenye punda mbio nyuma yake, nami nyuma ya mwenye punda nikiomba radhi.

Sonara akatoka, lenzi jichoni. Pini aliitazama kabla ya kunitazama mimi.

"Ya zamani kweli. Kufuli za kuzungusha zilienea karne ya 20. Hii haina, na sindano ndefu hivi ni mtindo wa kabla ya hapo. Simba ni fedha ya Uingereza, sehemu 925 safi kwa kila 1000. Herufi ndiyo mwaka, ila imelika. Nanga ni alama ya Birmingham, mji ilikopimwa."

"Bandari ya wapi hiyo, ami?"

"Bandari gani, mwanangu? Bahari hawaioni. Husimuliwa kuwa watu wa Birmingham nanga waliitoa kwenye jina la nyumba ya ulevi kule London, walikokuwa wakikutana."

Nikaikumbuka swala yangu ya adhuhuri.

Mchanga niliuchota kwa mikono mpaka alasiri. Nyumbani nikamkuta Bibi amesimama mlangoni, kikuba cha asumini kimeanza kunyauka mkononi.

"Iko wapi pini yangu ya kikuba?"

Nikampa. Akaipangusa mchanga kwa ncha ya leso, akakipachika kikuba chake.

"Na udi?"