Usiiguse Technics? Inategemea unaigusa wapi

Kuna watu ukiwaambia umebadilisha hata skrubu moja kwenye Technics SL-1200 yako, ile mashine ya kupigia sahani za santuri, wanakutazama kama umetia sukari kwenye pilau. Fundi wangu wa redio, Kariakoo, ni mmoja wao. Nilimpelekea yangu, ile ya toleo la MK2, kwa sababu spika ya kushoto ilikuwa inakatikakatika. Akaipindua, akafungua kifuniko cha chini, akakaa kimya kidogo akiangalia, kisha akasema: "Kaka, hii mashine usije ukaichokonoa. Wenyewe walishamaliza. Mimi nakubadilishia waya tu, basi." Akakata waya wa sauti uliotoka nayo kiwandani, uliokuwa umeota kutu ya kijani kwenye ncha, akaunga mwingine mzuri zaidi. Kazi ya dakika ishirini. Sikumwambia kwamba ameshaichokonoa.

Hoja yake lakini si ya kupuuzwa. MK2 ilitoka mwaka 1979, na mpaka leo ukiiwasha na kubonyeza kitufe, sinia linalobeba sahani linashika kasi kabla hujaondoa kidole. Mota inazungusha sinia moja kwa moja, hakuna mkanda wa kulegea, na kasi inalindwa kwa fuwele ya kwatsi kama ile ya saa ya mkononi. Kuyumba kwa kasi kulikoandikwa na kampuni ni asilimia 0.025. Ukoo mzima wa SL-1200 umeuza zaidi ya mashine milioni 3. Utengenezaji ulisimama mwaka 2010, na mwaka 2016 ikarudishwa sokoni maana watu hawakuacha kuiulizia. Anayesema kitu cha namna hiyo hakihitaji msaada wako ana pa kusimamia. Anapata nguvu zaidi akitazama biashara iliyojengeka pembeni yake: miguu mipya, mikeka ya sinia, masanduku ya umeme ya kuweka nje, mikono ya kushikia sindano iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na bamba la kuibebea. Ukijumlisha vyote, bei inaweza kupita ya mashine yenyewe ya mtumba.

Ndiyo maana wanaobadilisha vifaa wamebandikwa sifa ya kuwa na pesa za kuchezea na masikio ya kujidanganya. Wapo wanaostahili sifa hiyo, nawajua. Ila wengi wao wanaonewa, na wanaonewa kwa sababu mabishano yote huwa yanahusu mota na mkono, vitu vinavyoonekana, wakati wao wanazungumzia kitu cha ukubwa wa punje ya mchanga: ncha ya sindano.

Tuanze na hilo neno "orijino". SL-1200 kwa kawaida iliuzwa bila katriji, yaani kile kijisanduku kinachobeba sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme wa sauti. Kwenye ncha ya mkono kuna kichwa kinachoshikwa na pete moja. Unaizungusha kidogo, kichwa kinatoka, unaweka kingine. Shina la mkono nalo lina pete ya kupandisha na kushusha kimo, kutoka milimita 0 hadi 6, kwa kuwa katriji hazilingani urefu. Waliotengeneza walijua kwamba kila mnunuzi atakuja na yake. Sasa anayesema "iache kama ilivyotoka kiwandani" anamaanisha nini pale ambapo kiwanda hakikuweka kitu? Mara nyingi anamaanisha katriji aliyoikuta imefungwa siku aliponunua, na kwa kuwa mashine nyingi zilizofika huku zilipitia disko, hiyo ni katriji ya DJ: sindano yenye ncha ya duara, iliyotengenezwa ili ivumilie sahani kuvutwa mbele na nyuma usiku kucha. Kwa kazi yake ni nzuri sana. Kwa mtu anayekaa sebuleni kusikiliza rumba, si chombo chake.

Hapa naomba nivumiliwe kwa hesabu kidogo, maana kesi yote ipo hapa. Sahani ya LP, ile kubwa ya nyimbo nyingi, inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwenye wimbo wa kwanza, karibu sentimita 51 za mfereji zinapita chini ya sindano kila sekunde. Kwenye wimbo wa mwisho, karibu na lebo, zinapita kama sentimita 21 tu. Sauti ileile, kwa mfano mlio wa matoazi wa hezi 10,000, inayochorwa nje kwa mawimbi ya urefu wa mikroni 51 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndani inabanwa hadi mikroni 21. Ncha ya duara ya kawaida ina nusu kipenyo cha mikroni 18. Kuisukuma kwenye mikunjo ya namna hiyo ni sawa na kuchota kahawa ya kwenye kikombe kwa upawa. Haiingii. Inateleza juu ya mikunjo, na mikunjo inayoshindwa kuifuata inaiparuza.

Kwa masikio ya Kiswahili kasoro hiyo haihitaji kipimo. Sikiliza herufi s. Mwimbaji anaanza upande wa sahani akitamka "sisi" vizuri, akifika wimbo wa mwisho anatamka "shishi", na pembeni yake kuna mkwaruzo kama wa msasa. Kwa miaka nilidhani sahani zangu zimechakaa. Kisha fikiria muziki wetu ulivyopangwa. Rumba na benga ya kwenye sahani ndogo za 45, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule, na magitaa yanapochemka, pale ambapo watu waliacha viti, mara nyingi ni kuelekea mwisho. Sahani ya 45 inazunguka haraka zaidi, kwa hiyo ina nafuu, lakini nayo hushuka hadi karibu sentimita 25 kwa sekunde ikifika ndani. Maana yake utamu wenyewe wa wimbo umewekwa pale ambapo sindano dhaifu inashindwa. Ukiniuliza kwa nini nawatetea watu wa kubadilisha sindano, jibu ni hilo.

Kuna njia rahisi ya kulipima hili bila kubishana na mtu. Audio-Technica wana ukoo wa katriji unaoitwa VM95. Mwili wa katriji ni mmoja, sindano unachomoa na kuchomeka kwa vidole: ya duara, ya yai, na ile iliyochongwa nyembamba wanayoiita MicroLine. Mashine haijaguswa, waya haujaguswa, katriji haijafunguliwa. Nilimpigia fundi wangu upande wa pili wa LP moja ya bendi, dakika tano za mwisho, kwa sindano ya duara, kisha kwa nyembamba. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akaomba kuiona sahani, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, akihakikisha sijambadilishia.

Sasa bei. Sindano ya MicroLine inauzwa kama mara mbili na nusu ya ile ya umbo la yai, na hapo ndipo watu husema "si nilikwambia?" Ngoja kwanza. Kampuni yenyewe inakadiria kwamba ya yai inadumu saa 300 na MicroLine saa 1,000. Gawanya: kwa kila saa ya muziki, ile "ya anasa" ni rahisi zaidi. Ukipiga LP moja ya dakika arobaini kila jioni, ya yai utaibadilisha baada ya jioni 450, yaani mwaka mmoja na robo. Nyembamba itafika 1,500, miaka minne. Makadirio hayo ni ya muuzaji wa sindano, nakubali, na muuzaji wa ndizi hasemi ndizi zake mbichi. Lakini hata ukizipunguza saa 1,000 mpaka 750, bei kwa saa inakuwa sawa na ya ile nyingine, na bado hujahesabu sahani ambazo hazikuparuzwa. Ncha iliyochongeka vibaya kwa uchakavu ni patasi. Sindano unaweza kuagiza nyingine, ukisubiri wiki kadhaa na kuombea isije feki. Sahani ya mwaka 1975 huagizi.

Wale wa "usiiguse" nao wanashinda, na wanashinda vizuri, tukihama kutoka kwenye sindano kwenda kwenye mota. Wanaouza masanduku ya umeme wanaahidi kasi tulivu zaidi. Tulivu kuliko asilimia 0.025? Chukua sahani ambayo tundu lake limekosea katikati kwa nusu milimita, na za namna hiyo zimejaa kwenye masanduku yetu. Sindano ikiwa sentimita 10 kutoka katikati, kosa hilo peke yake linayumbisha kasi kwa nusu asilimia, juu na chini, kila mzunguko. Hata tukikubali kwamba vipimo hivi viwili havichukuliwi kwa namna moja, pengo ni la kichuguu na Kilimanjaro. Anayesikia piano inayumba anasikia tundu, na hakuna sanduku la umeme linalohamisha tundu. Mashine ikizeeka, badilisha kapasita zilizochoka, safisha swichi, tia tone la mafuta kwenye ekseli. Hayo ni matunzo.

Mkono ni vivyo hivyo. Kuuondoa ule wa Technics ili kuweka wa kampuni nyingine kunaweza kuleta tofauti, siwezi kukataa, lakini unapoteza mashine yenye mpangilio unaorudiwa kwa urahisi, na atakayeinunua kwako atauliza mkono wa kwanza uko wapi. Ukitoboa, umetoboa.

Nisieleweke kwamba kila mashine ya zamani ni hivyo. Linn Sondek LP12, mashine nyingine ya sahani, ya Glasgow, iliyotoka mwaka 1973, ni kinyume chake kabisa. Ile inaning'inia kwenye springi tatu na kuzungushwa kwa mkanda, kila kiungo kinasikika, na kampuni imefanya maboresho kuwa desturi yake: bearingi ya ekseli iitwayo Cirkus mwaka 1993, iitwayo Karousel mwaka 2020, vyote vinaingia kwenye mashine za zamani. Mwenye LP12 anayebadilisha bearingi hafanyi ujinga. Ingawa hata huko wapo wanaoapa kwamba ya kabla ya 1993 ilikuwa na joto lililopotea, na bei za matoleo mapya zinafanya mtu ufikirie kiwanja.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa sindano nyembamba hawalisemi sana. Haisamehi. Ukiifunga imepinda kidogo, faida yote inapotea. Lazima ukae na rula, upime milimita 52 kutoka shingo ya kichwa hadi ncha ya sindano, uangalie kwa mbele kama imesimama wima, uweke gramu 2 za uzito, urudie. Na inashuka kwenye mfereji hadi kwenye uchafu ambao ile ya duara haikuwahi kuufikia, kwa hiyo sahani isiyooshwa inatoa kelele mpya. Tena, sahani za mono (za sauti ya mkondo mmoja) za zamani, za miaka ya mwanzo ya 60, mifereji yake ilikatwa kwa kutegemea ncha nene, ya mikroni 25. Kwa hizo, sindano ya duara haijawahi kuwa kosa.

Basi kwenye rafu yangu viko vichwa viwili. Cha duara kina alama ya rangi nyeupe ya kucha niliyopaka ili nisikosee gizani umeme ukikatika. Kuvibadilisha kunachukua muda wa kugeuza sahani, na fundi wangu, aliyenikataza kuichokonoa, ameshaniuliza mara mbili kama hicho kingine nauza.