Fomu ikigoma, lawama anapewa aliyejilinda

Ukilalamika kwamba fomu ya mawasiliano ya tovuti fulani haipeleki meseji yako, jibu mara nyingi ni "zima kwanza antivairasi", na mtu anazima kweli, meseji inaenda, basi kesi imeisha, mkosaji ni programu ya ulinzi. Mi naona hukumu hiyo inatolewa haraka mno.

Brauza ikituma fomu huwa inaambatanisha heda, yaani mstari wa maelezo usioonekana, inayoitwa Referer, inayosema umetokea ukurasa gani. Programu zenye setingi za faragha, kama ilivyokuwa Norton Internet Security miaka ya 2000, zilikuwa zinaificha, na zilikuwa na sababu, kwa sababu anwani ya ukurasa inaweza kubeba maneno uliyotafuta, au hata linki ya kubadilisha nywila. Sasa huku kwenye seva, kompyuta inayobeba tovuti, skripti, yaani programu ndogo inayopokea fomu, inataka kuona hiyo Referer imetoka kwenye domeni yake (jina la tovuti yenyewe), isipoiona inakataa.

Mwenye tovuti naye hakuweka ukaguzi huo kwa kupenda. FormMail ya Matt Wright, skripti ya 1995 iliyosambaa kila kona, iligeuzwa na maspama kuwa mtambo wa kuwatumia watu barua taka kupitia seva za wengine, kwa hiyo kuuliza "umetoka wapi?" lilikuwa jambo la lazima kipindi kile. Hata leo Django, zana ya kutengenezea tovuti, inaangalia Referer kwenye HTTPS (muunganisho uliofungwa kwa siri) pale heda ya Origin, inayotaja tovuti uliyotoka, inapokosekana, ila yenyewe inategemea pia tokeni ya siri, alama ambayo tovuti inaiweka kwenye fomu na kuikagua fomu ikirudi, haijaegemea hapo tu.

Ila spama anaiandika Referer anavyotaka, ni mstari mmoja tu kwenye roboti yake, anapita. Anayezuiwa ni mtu mwenye swali la kweli ambaye hajui hata kama kuna kitu kinaitwa heda! Ni kama mlinzi anayemruhusu yeyote anayejitaja jina halafu anamfukuza aliyenyamaza.

Na linaloniuma zaidi ni ule ukimya. Fomu nyingine haisemi kitu, kitufe hakijibu kwa sababu skripti ya reCAPTCHA, ile inayopima kama wewe si roboti, imezuiwa, au ukurasa unajirefresh na maneno yote uliyoandika yamefutika, mbaya zaidi ni ile inayosema "asante, tumepokea" wakati hakuna kilichopokelewa. Mtu anasubiri jibu wiki nzima, anaona amedharauliwa. Mwenye tovuti anaona kimya, anadhani hakuna mwenye shida, na hawezi kujua kwa sababu njia pekee ya kumlalamikia ni fomu hiyohiyo iliyokufa. Unahesabuje malalamiko ambayo hayajawahi kufika?

Halafu angalia brauza zenyewe zilikoelekea: Chrome 85 mwaka 2020 na Firefox 87 mwaka 2021 zikaanza kuikata Referer ibaki jina la tovuti tu pale unapotoka tovuti moja kwenda nyingine, bila mtumiaji kugusa setingi yoyote. Kumwambia mtu azime ulinzi ni kumrudisha nyuma ili skripti ya zamani ipumue.

Kuzima kwa tovuti moja unayoiamini sawa, sina ugomvi. Ila mwenye fomu afanye sehemu yake, atumie tokeni, fomu ikikataa iseme wazi imekataa na ibakize maneno ya mtu, na pembeni yake aweke anwani ya barua pepe.