Gego la miaka sita halisubiri kiti cha meno

Dar es Salaam, mazungumzo ya huduma ya meno huishia kwenye viti: kituo hiki hakina, kile kinacho lakini kompresa, mashine ya hewa inayoendesha vifaa vyake, imekufa. Wanaolalamika wana haki. Jino lililotunga usaha halitulizwi na somo la mswaki. Linataka ganzi, koleo na mkono unaojua kung'oa.

Ila gego la kwanza la kudumu halingoji. Huota mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, mzazi hulihesabu pamoja na ya utoto: "Litatoka tu hilo." Halitoki. Juu lina mifereji ambayo unywele wa mswaki hauingii, na kwa miezi mingi huwa fupi kuliko jirani zake, hivyo mswaki unapita juu kwa juu. Ubuyu na kashata za getini zinabaki humo. Likija kutoboka, mtoto hupelekwa hospitali siku aliyokesha akilia, na mara nyingi kilichobaki ni kung'oa. Kisha gego la miaka 12 linakuja kuinamia pengo, na ndiyo maana naona ajabu gego hili kutajwa kwa nadra hivyo kwenye mipango yetu.

Kuliokoa hakuhitaji umeme. Sehemu iliyooza na kulainika inachongwa kwa vifaa vya mkono, tundu na mifereji vinazibwa kwa saruji ya glasi ayonoma, zibo la meno linalokorogwa kwa unga na maji yake, inayobanwa kwa kidole kilichopakwa vaselini. Mtoto asile kwa saa moja. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya afya ya kinywa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikasambaa duniani. Sisi tunaiita tiba ya maskini!

Wanaoibeza wana mifano ya mazibo yaliyobanduka. Kwa kawaida pamba ya kukausha jino ilishalowa mate ikaachwa bila kubadilishwa, au unga ulizidi maji yake. Joto la jiji hili nalo hugandisha saruji upesi: ukikoroga kabla jino halijakauka, umechelewa. Hayo ni makosa ya mafunzo.

Palipo pagumu zaidi ni dawa ya kupaka ya fedha (madini) na floraidi ya asilimia 38, ambayo mwaka 2021 iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tone moja hutosha meno kadhaa. Unakausha, unapaka kwa dakika moja, unarudia baada ya miezi 6. Inazuia uozo usiendelee, lakini palipooza panakuwa peusi daima. Mzazi aonyeshwe picha kabla ya kuridhia, na jino linalouma usiku lisipakwe, lipewe rufaa.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko la viti ni la muuguzi wa kliniki ya mtoto, ambaye kila mradi humwongezea kazi. Lakini mtoto wa miezi 18 tayari yuko mikononi mwake kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Auinue mdomo wa juu, atazame mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, dalili ya uozo unaoanza. Akiuona, amwambie mama aache chupa ya usiku, na ampige mtoto mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele.